Kijana wa Chumba cha Mbele

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamua kuwa kijana. Naandika haraka kabla sijabadilisha nia.

Asubuhi gari la matangazo limepita. Vitambulisho vya taifa vipya vimekuja, kila mtu akaandikishwe upya. Vile vya zamani vya karatasi, basi tena. Kipya kigumu, kinang'aa, kina picha ya rangi. Nilisimamisha cherehani nisikilize vizuri.

Halafu likaja lililonisimamisha nywele. Chama cha mafundi vijana kitagawa vyerehani vya umeme kwa droo. Vya umeme! Sharti ni kitambulisho kipya mkononi na umri usiozidi miaka thelathini na tano.

Mimi nina arobaini na sita. Lakini nani ana ushahidi? Nilizaliwa nyumbani, cheti sina. Kitambulisho changu cha zamani kiliandikwa kwa wino, na wino na maji havijawahi kupatana.

Nimekifua. Nimekitia mfukoni mwa suruali, suruali nikaitia kwenye beseni, nikasugua mpaka vidole vikaniuma. Kimetoka uji. Mama watoto kanikuta nafua suruali safi, akauliza kulikoni. Nikamwambia usafi hauna siku maalumu. Akaniangalia vile ninavyomwangalia mteja anayedai suruali imepungua yenyewe.

Mdogo wangu naye kalisikia tangazo, akaja dirishani kuuliza kama nitakwenda kujiandikisha. Huyu mdogo wangu anachaji simu za watu kwenye meza upande wa pili wa barabara, kwa waya wa kuazima wa duka la dawa. Mtaa mzima unamwita Bwana Chaji. Alikuwa anauliza huku macho yake yakiwa kwenye soketi yangu. Nyumba yetu ina soketi moja tu ya ukutani, nayo iko hapa chumba cha mbele. Vyumba vingine ni taa basi. Marehemu baba, aliyekuwa fundi kama mimi, alitamka mbele yetu sote kwamba chumba cha mbele ni cha mkubwa. Mkubwa ni mimi. Ateme mate, asimeze.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kikwazo kilikuwa Mama. Asiye na cheti lazima aende na mzazi wa kumthibitisha, na Mama ni mtu wa kweli kupita kiasi. Aliwahi kumwambia bwana harusi mbele ya wageni kwamba koti limembana. Koti lenyewe nilishona mimi.

Kwa hiyo nilianza kwa mbali. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza kama anajisikia mzee. Akasema ni nani anayeuliza. Nikamweleza kwamba serikali inaandika watu upya, na kwamba mimi nikiandikwa thelathini na nne, yeye hawezi kubaki na sitini na nane yake. Haitapendeza. Itabidi awe na hamsini na mbili.

Mama aliacha kuchambua. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza kama hamsini na moja imeshachukuliwa. Nikasema hamsini na mbili inatosha, tusiwe na tamaa. Akaomba nimletee kioo.

Kuna fundi seremala mmoja, mjane, aliyemtengenezea Mama kiti mwaka jana. Tangu hapo hupita kila wiki kukagua kama kiti ni kizima. Mimi sikusema neno. Mama ndiye aliyesema kwamba hayo hayahusiani.

Ukihesabu miaka mipya ya Mama ukailinganisha na ya mdogo wangu, hesabu inagoma. Nimeamua nisihesabu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeandikishwa! Lakini suruali sina tena.

Jana usiku niliipunguza ile ya kijivu. Vijana siku hizi wanavaa suruali za kubana. Niliibana mpaka nikaridhika, na mimi si mtu wa kuridhika haraka. Asubuhi iliniingia kwa msaada wa mama watoto na ukuta. Kutembea nilitembea. Kukaa ndiyo ilikuwa shughuli. Foleni ilikuwa na mabenchi, watu wamekaa wanapiga soga, mimi nimesimama nimeegemea nguzo kama baunsa. Mzee mmoja akaniambia kijana kaa. Kijana! Nilitaka kumkumbatia.

Karani ni kijana wa kweli, ndevu bado zinamtafuta. Akamuuliza Mama mwaka niliozaliwa. Mama akautaja bila kumeza mate, tena akaongeza kwamba nilizaliwa mchana wa jua kali na nilikuwa mtoto msumbufu. Karani akaandika. Akamuuliza na yeye umri wake. Hamsini na mbili, akasema Mama. Karani akatazama fimbo anayotembelea. Mama akasema fimbo ni ya dada yake.

Alama za vidole zilisumbua kidogo. Kidole changu cha sindano kimetobolewa miaka yote, mashine ilikikataa, ikakubali cha jirani yake. Kisha karani akasema nikae nipigwe picha.

Nikakaa. Mshono wa nyuma ukaachia wote, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, na papo hapo kamera ikapiga. Nikaomba irudiwe. Karani akasema picha imetoka vizuri, macho yote mawili yanaonekana. Yanaonekana kweli, maana yalikuwa yametoka nje.

Nimerudi nyumbani nimejifunga khanga ya Mama kiunoni. Sijali. Nilitembea nayo kama mshindi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kimetoka. Kimetoka, kimetoka, kimetoka.

Ni kigumu kama kigae. Ukikigonga na ukucha kinalia. Picha inanionyesha kama mtu aliyeona nyoka, lakini ni nyoka aliyeonwa na kijana. Thelathini na nne! Nimekisoma mara nyingi hata nimeanza kuamini. Goti langu la kushoto halikuuma leo asubuhi.

Nimemwonyesha muuza nyama, kinyozi, muuza sabuni, na mtu aliyekuwa anauliza njia ya kwenda hospitali. Halafu nikaona kitambulisho bila kazi ni pambo tu. Nikaenda posta kuchukua kifurushi. Sina kifurushi, ila nilitaka niombwe kitambulisho. Dada wa dirishani akakiomba. Nikakitoa polepole. Akakitazama, akanitazama, akasema hakuna kifurushi chochote. Nikamshukuru sana. Akaniuliza kama niko sawa.

Kutoka hapo nikasajili upya laini ya simu, ambayo ilikuwa imesajiliwa. Mwisho chama cha mafundi vijana. Wameniandika kwenye droo ya Jumanne ijayo. Katibu wao kanipiga bega, akaniita kijana mwenzetu. Nikamwitikia kwa sauti nyembamba kidogo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimefanya kosa dogo. Si kubwa. Nimemwonyesha mdogo wangu.

Nilishindwa kujizuia. Mtaa mzima wamekiona, yeye peke yake ndiye aliyebaki, na mimi si mchoyo. Nikavuka barabara, nikakiweka mezani pake katikati ya simu za watu. Akafuta mikono kwenye shati. Akakishika kwa pembe. Akasoma. Akaomba asome tena.

Kisha akatoa cha kwake kutoka mfuko wa kifuani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yeye alizaliwa hospitali. Ana cheti chenye muhuri tangu siku ya kwanza, hana pa kuchezea. Kitambulisho chake kinasema arobaini na moja. Akaviweka viwili sambamba, changu na chake, akavitazama kwa muda. Akatabasamu. Akanirudishia changu akasema ahsante, mdogo wangu.

Nilicheka. Nilivuka barabara nacheka. Nilipofika mlangoni kicheko kikaisha chenyewe.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Tangu mdogo wangu ajue kusema, kila asubuhi ananiamkia. Shikamoo kaka. Nami namjibu marahaba bila hata kuinua macho kwenye mshono. Ndivyo siku zangu zinavyoanza.

Leo kaja dirishani na mswaki mdomoni, akasimama. Nikangoja. Naye akangoja. Akaja mteja wangu, mama mmoja mwenye mkono wa gauni ulioachia, akatukuta tunatazamana, naye akasimama kungoja. Mwishowe mdogo wangu akatoa mswaki. Akamwambia yule mama kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, mkubwa anasimama mbele yao na hawamwamkii. Mama wa gauni akauliza mtoto yupi. Mdogo wangu akanionyesha kwa mswaki, akasema aiulize serikali, kitambulisho ninacho.

Yule mama akaomba akione. Ningefanyaje? Nakipenda kitambulisho changu. Nikakitoa.

Mpaka mchana mtaa wote umejua. Kinyozi kaniita dogo. Muuza nyama kauliza kama nimetumwa na wazazi. Nilipoingia ndani kupumzika, mama watoto kanikabidhi ndoo mbili. Anasema yeye ana thelathini na tisa, mgongo wake wa kizee, na kazi ya vijana ni kuwasaidia wakubwa. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nimeteka maji. Yalikuwa mazito.

Mama hataki kusikia lawama. Anasema kuamkia hakumchubui mtu ulimi, nimwamkie mdogo wangu yaishe. Yeye ameacha fimbo na sasa anatembea kwa kushika kuta. Seremala kapita leo mara mbili. Kiti ni kizima.

Jioni nimeingia kazini nikamkuta mdogo wangu anapima dirisha langu kwa futi. Futi yangu mwenyewe! Nikamuuliza anapima nini. Akasema, bila hasira hata kidogo, kwamba baba alitamka chumba cha mbele ni cha mkubwa, na kwamba yeye si mtu wa kuvunja neno la marehemu.

Nilikaa kwenye cherehani nikakanyaga bila nguo, sindano ikipanda na kushuka hewani.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Kikao cha familia. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, kaja na koti lake jeusi. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akisema imesemwa. Aliketi kwenye kiti cha Mama kile cha seremala, akaviomba vitambulisho vyote viwili, akavaa miwani.

Nilijitetea vizuri. Nilisema ukubwa uko kwenye damu, hauko kwenye plastiki. Mdogo wangu akauliza, kama plastiki si kitu, mbona nimezunguka nayo mpaka posta. Nikasema Mama yupo, aulizwe nani alitangulia tumboni mwake. Wote wakamgeukia Mama. Na seremala alikuwa mlangoni, kapita kukagua kiti, kakikuta kimekaliwa. Mama akamwangalia seremala, akaniangalia mimi. Akasema mambo ya zamani sana yeye hayakumbuki, wakati ule alikuwa mdogo.

Mama yangu mzazi.

Baba mdogo alivua miwani, akazungumza polepole. Alisema haya mambo hayana kona. Ama kitambulisho kinasema kweli, basi chumba ni cha huyu mwenye arobaini na moja. Ama kinasema uongo, basi kesho nirudi kule kwa karani nikaseme. Wanaruhusu marekebisho mara moja. Nikirekebisha, chumba kinabaki changu kama baba alivyotaka. Nichague.

Nikirekebisha kesho, Jumanne sina droo. Nilifumba macho nikakiona cherehani cha umeme, cheupe, kinanguruma. Mama watoto alikuwa ananikanyaga mguu. Binti yangu anatikisa kichwa. Baba mdogo akasema naweza kulala nalo nikajibu asubuhi.

Nikamjibu hapo hapo. Nikasema kitambulisho kinasema kweli.

Mdogo wangu mwenyewe aliacha kutabasamu. Nadhani hakutegemea.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nimehama. Chumba cha nyuma, kile cha karibu na bafu. Kina taa moja, dirisha la kutazama ukuta, na harufu ya sabuni. Nimebeba cherehani cha kukanyaga, pasi ya mkaa, sanduku la nyuzi. Meza ya kukatia imebaki kule. Haipiti mlangoni. Baba aliijengea mle mle ndani, na alama za mkasi wake ziko pembeni mwa ubao, nilikuwa nazipitishia kidole nikiwa na mawazo. Sasa zimefunikwa na simu za watu.

Mdogo wangu katundika ubao nje, CHAJI NA HUDUMA ZOTE. Nilisimama nyuma ya mlango nikalia kidogo. Niseme ukweli, nililia zaidi ya kidogo. Mteja mmoja kanipita akiniulizia, nikashindwa kuitika.

Lakini kesho ni droo. Nimeosha uso. Nimekifuta kitambulisho kwa kitambaa cha hariri. Atacheka anayecheka mwisho.

Jumanne, tarehe 18 Machi

NIMESHINDA!

Ukumbi ulijaa. Jina langu lilikuwa la mwisho kutoka kwenye boksi. Nilikuwa nimeshakata tamaa, naangalia viatu. Katibu akaita, nikaruka, goti la kushoto likalia kama bawaba, sikulijali. Nikapewa kipaza sauti niseme umri wangu na ndoto zangu. Nikasema thelathini na nne. Nyuma huko mtu akacheka mpaka akakohoa. Najua kicheko cha kinyozi.

Cherehani ni cheupe kweli. Kina taa yake mbele ya sindano. Kina mishono ya maua! Wakanipa mkokoteni wa kukibebea, nikakataa, nimekibeba kichwani mtaa mzima wakione. Nimepita mbele ya chumba cha mbele polepole. Nimepita tena. Mdogo wangu alikuwa anahudumia watu, akainua mkono akanipongeza. Mtu akikupongeza vile, inaharibu raha.

Leo nalala nacho chumba kimoja. Mama watoto kasema yeye basi atalala na binti yake.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nilikiweka juu ya sanduku. Nikakivua plastiki. Nikaweka uzi mweupe. Nikashika waya wake na plagi yake, nikageuka ukutani.

Ukuta.

Niligeuka ukuta wa pili. Nikazunguka chumba nikipapasa kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha nikakaa chini na plagi mkononi. Soketi ya nyumba hii ni moja.

Sikukata tamaa, mimi si wa hivyo. Nikapanda stuli, nikatoa balbu, nikaunganisha waya pale juu kwa ufundi wangu. Kulikuwa na cheche moja nzuri sana, halafu nyumba nzima ikazima. Nikasikia kelele kutoka mbele. Simu zote za mtaa zilikuwa mezani kwa mdogo wangu na wenyewe walikuwa wanazingoja. Wamekuja nyuma kunitazama. Nilikuwa bado juu ya stuli, nywele zimenisimama. Mdogo wangu kabadilisha fyuzi.

Mchana nimekwenda kumwomba nivute waya kutoka kwake. Akasema waya ukipita mlangoni watu watajikwaa. Nikasema basi niazime soketi. Akafikiri. Akasema atanipa pembe ya meza na tundu moja la umeme, kazi nifanye humo ndani naye. Sharti lake ni moja. Kila asubuhi nimwamkie, kwa sauti, dirisha likiwa wazi.

Nikamwambia afadhali nishone kwa meno. Nimerudi nyuma. Nimekaa na cherehani changu cheupe tukitazamana hadi giza.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nimesema.

Niliingia na cherehani kichwani, dirisha liko wazi, kinyozi kasimama nje na wembe, mteja wake ana kidevu cha upande mmoja. Muuza nyama pia alikuwapo. Nikakishusha cherehani, nikamgeukia mdogo wangu. Shikamoo kaka. Mdogo wangu akasema marahaba, taratibu, akanisogezea kiti. Kisha akaziondoa simu pembeni mwa meza, pale penye alama za mkasi wa baba, akasema hapo patanifaa.

Nikachomeka. Nikakanyaga. Lo! Mguu wa suruali mzima umekwisha kabla sijapumua. Nimeshona kila kilichokuwa karibu, mpaka pazia. Niliona furaha ambayo sijaipata tangu nianze ufundi, na mdogo wangu alikuwa anachungulia begani akiuliza hiki kitufe ni cha nini. Tulicheka. Mama watoto kaleta chai ya watu wawili.

Jioni Baba mdogo kapita kuona tunaendeleaje. Akakuta meza imebanana. Akamwambia mdogo wangu azisogeze zile simu nipate nafasi. Neno moja tu. Mdogo wangu, mkubwa mzima wa nyumba, akaruka akazisogeza zote hadi dirishani, na kusema ndiyo baba.

Sindano ikasimama. Nimekuwa nikiangalia chini wakati jambo lenyewe liko juu. Nilishindania ukaka, kumbe mwenye chumba ni mwenye ukoo. Anayetamka chumba cha nani ni mmoja tu, naye ana miaka sitini na sita.

Marekebisho yanaruhusiwa mara moja, kayasema mwenyewe Baba mdogo mbele ya watu, na yangu bado sijayatumia. Cherehani nimeshapata, ujana umemaliza kazi yake. Nikiandikwa sitini na saba, chumba ni changu, kikao ni changu, hata lile koti jeusi nitajishonea, mishono ya maua kwenye kola. Mama hatanithibitisha, ana hamsini na mbili na anaipenda. Nitamwomba aje kama dada yangu mdogo. Fimbo yake haitumii tena, nimeichukua na nimeanza kuizoea.

Kesho nawahi foleni, na Baba mdogo aanze kujizoeza kuniamkia.